Kisanduku cha Nyongeza

Kisanduku kimoja kitupu kilinigharimu kuku mmoja aliyekufa njiani, kilo nne za mbegu ya alizeti, bodaboda ya kwenda na kurudi, na bei ambayo sikuruhusiwa kuipunguza. Nimehesabu mara mbili. Ni hivyo hivyo.

Mimi hununua kuku minadani, upande wa Ilongero na Mgori, na kuwapeleka mjini. Msimu ule siku za minada zilipangwa upya, wachuuzi na wenye kuku tukawa tunapishana. Nikajitolea kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wenye jedwali, mtu afungue simu aone mnada upi uko lini. Kujitolea ni neno kubwa. Nilitaka kuku waje siku ninayokuwepo.

HTML, lugha ya kuandikia kurasa hizo, nilijifunza kwenye simu. Si kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kupanga mayai kwenye trei. Unafungua jedwali, unaandika tr, huo ni mstari. Ndani yake unaweka td, hicho ni kisanduku. Mstari wa juu niliweka jina la kijiji na siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa: visanduku sita. Mistari ya chini nayo sita sita. Kila mmoja niliuhesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kuku kwenye tenga la mtu.

Tatizo lilikuwa Jumatatu. Vijiji viwili, kimojawapo cha mama mkwe wangu, vinatumia mnada mmoja wa ng'ombe siku hiyo, nami nikaona uchafu kuandika "ng'ombe" mara mbili. Nikasoma kwamba td ukiiongezea neno rowspan na namba mbili, kisanduku kinarefuka mpaka mstari wa chini yake. Nikaweka, kikashuka vizuri. Mstari huo wa chini, wa kwao mama mkwe, nikauachia visanduku vyake sita. Cha Jumatatu kitupu, na "kuku" nikaandika kwenye cha Jumatano.

Nilipofungua ukurasa, nikaona kisanduku kimoja kitupu kimechomoza kulia, nje ya Ijumaa. Mwingine angeuliza kimetoka wapi. Lakini mimi hata nikinunua karanga nadai kiganja cha juu, na nyongeza sijawahi kumrudishia mwenyewe. Nikafunga simu.

Wiki hiyo mama mkwe alimpigia mke wangu, aulize mnada mpya wa kuku ni lini. Mke wangu akafungua ukurasa wa mumewe, kwa fahari kidogo, akamsomea: Alhamisi.

Alhamisi mchana nikamkuta mama mkwe ameketi mlangoni kwetu na tenga. Mimi na yeye hatukai mkeka mmoja wala hatutazamani usoni, ndivyo tulivyokuta mila. Nikasimama nyuma ya pipa la maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akamgeukia binti yake. "Mwambie mwenzio mnada ulikuwa jana. Leo nimekuta mavi ya mbuzi na mtu mmoja anafagia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie."

Mke wangu akaniambia. Kati yetu zilikuwa hatua sita.

"Mwambie kuku walikuwa kumi. Nilitaka wanipatie mbegu kabla ya mvua. Mmoja kafa kwa jua."

Nikachungulia tengani. Tisa. Nikarudia. Tisa.

"Anahesabu nini? Mwambie aliyekufa nimemwacha njiani, akamhesabie huko."

Majirani zake walikuwa wameshapanda. Ekari zake mbili zilikuwa tupu, mawingu yameshaanza kukusanyika, na mnada mwingine wa kuku ni wiki ijayo. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa dada wa steshenari anayeelewa kompyuta. Akaufungua ukurasa.

"Mstari huu una visanduku vingapi?"

"Sita. Nimehesabu mara mbili."

"Ungehesabu mara moja ukaangalia. Kaka, hili ni benchi. Kwenye kiti cha Jumatatu kashakaa mtu, kashuka kutoka juu. Wewe ukaleta mwingine, wote wakasogea. Kuku wako wako Alhamisi, na wa mwisho kadondoka huku pembeni. Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ukasemaje?"

Akafuta kile kisanduku kitupu nilichokiweka kwa ajili ya Jumatatu, kuku wakarudi Jumatano. Mstari ukabaki na vitano, na jedwali likakaa sawa. Sikuwa nimewahi kuona hesabu inayotimia kwa kupunguza.

Nikarudi nyuma ya pipa. "Mwambie mama, kuku nanunua mimi."

"Wote kumi," mama mkwe akasema. "Kwa kilo nne za mbegu ile ya dukani. Hela sitaki."

Angekuwa mtu mwingine ningecheka, ningegeuka kama naondoka, naye angeniita. Mbele ya mkwe ukigeuka, umeondoka kweli. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Aliujua mdomo wangu, akajua pia kwamba leo umefungwa.

"Mwambie sawa."

Ijumaa nilimpelekea mbegu mwenyewe kwa bodaboda. Jumapili mvua ikanyesha.

Juzi mke wangu alirudi kutoka kwao. Alizeti imeota yote, akasema, na mama ananisalimu. Habari ya kuku imekwisha. Ila anauliza ile siku aliyotembea na tenga kichwani, kwenda mnadani na kuja kwetu, nitamlipa lini.

Kuku najua bei yake, mbegu pia. Siku ya mama mkwe sijui inalipwa kwa kitu gani, na kwenda kumuuliza ni kuanza kupatana naye. Aliyewahi kulipa kitu cha namna hii anishauri. Ila asinianzie juu.