Chumvi ya Patron Philémon

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nisidanganye, 2021 watu walikuwa bado wanaogopana kwa sababu ya korona. Ilikuwa 2022, mwezi wa nane, kiangazi, Bukavu ilipokuwa na vumbi kila siku na ndoa kila Jumamosi.

Aloys alikuwa mpishi katika restora moja ya mtaa wa Nguba, na kazi yake aliipenda. Jikoni kulikuwa na kelele nzuri. Maman Consolate, mpishi mwenzake, alionja kila sufuria na kuwasema wapishi wote, Aloys naye akimjibu kwamba bwana wake amekonda kwa supu yake. Chakula kilitoka kizuri, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani.

Kisha akaja gérant mpya wa kuisimamia restora, patron Philémon, mtu msafi sana, asiyekunywa, asiyeiba. Alisema hataki mambo ya kubahatisha. Akachukua chumvi yote, akaifungia katika kabati la chumba chake cha biro, na tangu siku hiyo chumvi ikatiwa na mkono wake peke yake. Halafu vitunguu: hakikatwi hata kimoja kabla hajaonyesha ukubwa. Halafu sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu: walikaa ndani ya mafuta wakingojea ruhusa ya kugeuzwa, na wale ambao ruhusa yao ilichelewa waliungua kwa utaratibu.

Siku moja Consolate akasema wali unakauka, waongeze maji. Patron akamwangalia kwa upole.

"Maman, hapa magérant tuko bangapi?"

Kesho yake Consolate akapelekwa kuosha sahani. Wengine wakaelewa. Kelele zikapungua, kisha zikaisha. Hata kuonja waliacha. Ulimi wa nini, kama chumvi ina mwenyewe?

Basi Merveille, mpwa wa Aloys, akaposwa na kijana wa Nyangezi, na karamu ikaombwa ifanyike restorani pale pale. Mama wa bibi harusi, Françoise, alimfuata kaka yake mpaka jikoni.

"Aloys, wale wakwe ni batu ya kusema sana. Sombe ikikuwa mubaya, mutoto wangu atasikia hiyo maneno mpaka azeeke."

"Usiogope. Miye niko pale."

Jumamosi ikafika. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa imetwangwa vizuri, imeiva polepole juu ya makaa, mawese yamepanda juu. Patron akaja na kopo lake, akatia chumvi, Aloys akakoroga. Kabla patron hajaonja, akasikia viti vinaburutwa ukumbini, akakimbia kuwaonyesha watu namna ya kubeba kiti. Akarekebisha viti, akarekebisha maua, akamrekebisha na dereva aliyeleta maua. Akarudi jasho linamtoka, akashika kopo, akatia tena.

Aloys alikuwa amesimama hapo na mwiko. Aliiona chumvi ikianguka. Akafungua mdomo. Kule pembeni mikono ya Consolate ilikuwa ndani ya maji ya sabuni. Aloys akafunga mdomo, akakoroga kama alivyofundishwa, kutoka kushoto kwenda kuume.

Wakwe walikula kwa heshima. Walikunywa maji, wakaomba maji mengine. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akasema taratibu, meza yote ikisikia:

"Kumbe huku mujini chumvi iko bei rahisi."

Merveille akainamisha kichwa. Françoise alimtafuta kaka yake kwa macho mpaka mlango wa jikoni, akamwona, kisha akaangalia pembeni.

Wageni walipoondoka, patron aliwakusanya wote. Sasa alikuwa ameonja. Hakupandisha sauti.

"Papa Aloys, uliniona natia chumvi mara ya pili?"

"Nilikuona, patron."

"Na ulijua ni ndoa ya mutoto wa dada yako?"

"Nilijua."

"Sasa mbona haukusema?"

Aloys alifikiri. Lilikuwa swali la kweli, na siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumuuliza kitu jikoni humo. Consolate aliacha sahani ili asikie vizuri. Patron alikuwa ameshainama kwenye jiko la mbabula, anasogeza kaa moja ambalo halikukaa sawa na mengine.

"Patron, ningesema, ungeniacha nimalize?"