Lucivane, Mkata Sauti wa Jurunas

Nauza açaí, rojo la matunda meusi ya mtende wa mtoni, mlango wa pili kutoka kwa Lucivane Pantoja, na ukuta unaotutenganisha ni wa mbao. Kwa miaka kumi na minne kila sauti aliyoikatakata imepita masikioni mwangu, nitake nisitake. Akitaka kurekodi hugonga mbao mara mbili, nami nazima mashine yangu ya kukamua huku wateja wakinisonya. Kwa hiyo mtu asije kunisimulia habari za Lucivane.

Mtambo wa muziki, yaani ukuta wa spika na kibanda chake, ukipigwa hapa mtaani Jurunas, kabla ya wimbo lazima jina la mtambo liitwe, na haliitwi vivi hivi. Lishikwe na kigugumizi, lijirudierudie, likwame, halafu lifyatuke. Anayeliita ni mtangazaji, na anayelitia kigugumizi ni Lucivane, kwenye kompyuta yake iliyofutika herufi zote. Zamani alikuwa akishona fulana za mashabiki. Anasema kazi ni ile ile, ila mkasi wa sasa hauonekani.

Mteja wake mkubwa ni mtambo uitwao Poraquê, jina la yule samaki wa mtoni mwenye umeme mwilini. Na sauti ya Poraquê ilikuwa moja tu, ya Ociney, mzee mwembamba aliyeliita jina hilo kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka juzi madaktari walimtoa uvimbe kooni. Uhai walimwachia, sauti wakaondoka nayo. Akabaki na mnong'ono ambao mkewe, Zuleide, peke yake ndiye aliyeuelewa, na yeye ndiye aliyemsemea mbele za watu.

Jumatatu moja Valdenor, mwenye Poraquê, alifika mlangoni kwa Lucivane, kofia mkononi.

"Dada Luci, Jumapili tunazindua spika mpya. Nimepata mtangazaji kutoka Marituba, ana koo kama honi ya meli."

"Na Mzee Ociney je?"

"Namheshimu. Lakini nimpe maiki aishike kama ua?"

"Rekodi zake ninazo."

"Zile zile! Watu wamezichoka. Wanataka mambo mapya."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bosi. Nipe mpaka Jumapili."

"Saa nane mchana. Ikiwa ni yale yale, namweka wa Marituba, na usininunie."

Ociney mwenyewe alikuwa kwangu, mbele ya bakuli la açaí na samaki wa kukaanga, na mbao hazifichi siri. Aliweka kijiko chini. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Lucivane akaanza kutafuta programu ya kuzikata upya rekodi za Ociney. Ya kwanza ilikuwa ya bahati nasibu: unaipa sauti, nayo yenyewe inaamua ikate wapi, irudie mara ngapi. Maajabu matupu! Sauti ya Ociney iliruka, ikajikunja, ikarudi kinyumenyume. Niliacha bakuli likafurika. Lakini sauti hiyo ilikuwa pia na salamu kwa makundi ya mashabiki, na hapa kila kundi huhesabu limetajwa mara ngapi. Programu ililitaja kundi moja mara tisa, jingine mara mbili.

"Hii itatuletea vita," nilimwambia kupitia mbao. "La mara mbili litarusha chupa."

"Najua, Dinair. Kamua açaí yako."

Ya pili ilikuwa ya kuchora. Kila mkato unauweka kwa mkono kwenye vijisanduku, na kila kundi linapata haki yake. Alichora siku tatu mpaka macho yakawa mekundu. Ijumaa akamwita Ociney na mkewe, nami nikafunga duka nikaenda. Sauti ikatoka safi, imenyooka, kila mkato mahali pake. Nilipiga makofi. Ociney akamnong'oneza mkewe.

"Anauliza, huyu nani?" Zuleide akasema.

"Ni yeye!"

Mnong'ono tena.

"Anasema yeye huwa anapumua."

Lucivane alijishika kichwa. Hapa kwetu, kwa mvua juu ya mabati na pikipiki na mashine kama yangu, kila mkata sauti huosha rekodi kabla ya kuikata. Huondoa kila kisicho neno. Na katika kuosha alikuwa ameitupa ile pumzi ndefu aliyokuwa akiivuta Ociney ukumbini kabla ya kuita jina, ambayo watu wakiisikia tu mikono huwa tayari juu. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeona. Hata mimi, mjuaji.

Alipekua makasha yake mpaka akapata rekodi chafu, ambayo haijaguswa. Mashine yangu, ambayo siku hiyo nilikawia kuizima, inanguruma humo ndani, nami nasikika nikigombana na mteja. Kisha akafungua programu ya tatu, ya bure, ya wanaojifunza, ambayo nimemsikia akiicheka mara nyingi. Inajua jambo moja tu: ukishika kitufe, inarudia kile kinachopita wakati huo. Ukiachia, sauti inaendelea.

"Weka kidole wewe mwenyewe, mzee," akasema.

Ociney akashika kitufe juu ya pumzi. Ikavutwa, ikavutwa, ikavutwa, kifua kizima cha mtu kikijaa bila kwisha. Akaachia, na jina likafyatuka. Nimeishi karibu na muziki maisha yangu yote na sikuwahi kuogopa namna ile kwa furaha. Lucivane alikuwa analia na hakujificha.

"Basi," akasema. "Tumepata."

Jumapili mvua ilinyesha, ikakatika. Saa nane Ociney alikuwa juu ya kibanda cha mtambo na kibodi ndogo. Wa Marituba alisimama kando, maiki mkononi, anamsubiri Valdenor ampe ishara. Ociney akashika kitufe juu ya ile pumzi. Watu wakaacha kula. Mikono ikapanda, mia, mia tano. Akaendelea kuishika, hakuachia, mpaka watu wakashindwa kuvumilia wakaliita jina wao wenyewe, kwa pamoja, na bati la ukumbi likatetemeka. Wa Marituba akaizima maiki yake bila kuambiwa. Valdenor aliivaa kofia yake mpaka machoni.

Mwanamke mmoja mbele akapaza sauti: "Mzee Ociney, umerudi?"

Watu wote wakamgeukia Zuleide, aliyesimama kando yangu, kama ilivyo desturi, na Zuleide akafungua mdomo amjibie mumewe. Lakini Ociney alikuwa ameiacha rekodi iendelee, ikapita jina, ikapita salamu, ikafika mahali ambapo Lucivane alikuwa akikata siku zote. Pale palikuwa na kicheko chake, kizito, cha mtu mwenye koo zima, akicheka upuuzi wangu na yule mteja. Akakishika kwa kidole. Kikacheka na kucheka, kikaujaza ukumbi.

Zuleide alifunga mdomo. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Amejibu mwenyewe," akasema.