Supu ya Mgonjwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo, uzee wangu wote huu. Usishtuke. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni, na maombi nayaamini. Lakini kesho kutwa unakwenda Mitundu kuanza kazi ya uinjilisti, umekuja kuniaga na suti yako mpya, na mimi siwezi kukuombea safari njema huku nimelimeza nililoliona Jumamosi.

Mlikwenda na kikundi chenu kumwombea yule mama jirani aliyevunjika nyonga. Mlivaa fulana za kufanana, mkaimba vizuri, mkapiga picha mkiwa mmemzunguka pale kitandani, na picha zikarushwa kwenye simu za watu kabla hamjatoka mlangoni. Halafu mkaondoka. Nilipoingia baada yenu nikakuta godoro limelowa. Limelowa, mwanangu! Watu wazima mmesimama hapo saa nzima mnamwita Roho Mtakatifu, na hakuna aliyegundua, au aliyegundua akaona si kazi yake. Nimembadilisha mimi, na mgongo wangu huu. Sasa vuta hicho kigoda ukae unisikilize.

Nilikuwa msichana mdogo, kwetu Mtinko. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli Manyoni, anakuja nyumbani mara moja moja. Tulikuwa mimi na mama tu, na mama akaugua homa. Ilianza kama homa za kawaida, tukasema itapita. Haikupita. Ikafika mahali hawezi kushika kikombe, chakula akikiona anageuka ukutani. Mimi nikawa ndiye mama wa nyumba, na nilikuwa sijui hata kusonga ugali wa uwele ukaiva sawasawa.

Mtu aliyekuwa akituangalia ni jirani yetu, Bibi Raheli, mzee wa kanisa, mjane, mdomo wake mkali kuliko pilipili. Akaja asubuhi moja akamgusa mama shingoni, akatoka nje akaniambia, "Huyu haumwi tu, huyu ana njaa. Akipandishwa baiskeli hivi alivyo, atadondokea njiani hata zahanati haioni. Mchinje yule kuku, umpikie supu. Akiipata leo, kesho tunampeleka."

Kuku mwenyewe alikuwa mmoja. Wenzake wote walikuwa wamekufa kwa kideri, kilipita kijiji kizima mwaka ule. Alibaki mtetea mwekundu ambaye mama alikuwa akimtegemea atuanzishie banda upya. Nikamchinja. Nikamnyonyoa na kumweka mekoni, na maji niliyotumia yaliacha tone tu mtungini, maana kiangazi kile maji tulikuwa tukiyachimba mchangani mtoni, na mtu ukienda kuchota unapotea nusu siku.

Supu ikiwa inakaribia kuiva, nikasikia nyimbo. Kikundi cha maombezi kinakuja. Mbele yao alikuwa Elifasi, kijana aliyekuwa anajiandaa kuwa mwinjilisti kama wewe, tai shingoni, Biblia kwapani. Nilifurahi jamani, nisiseme uongo. Nilidhani tumepata msaada.

Wakaingia ndani, wakafunga dirisha. Kwa nini walifunga dirisha mpaka leo sijui. Wakamwekea mama mikono kichwani, wakapaza sauti, wakakemea, chumba kikajaa jasho. Kisha Elifasi akainama akamwambia mama atubu dhambi aliyoificha, ndiyo inayomzuia kupona. Mama yangu! Mwanamke ambaye alikuwa akilima shamba lake na la mgonjwa wa jirani! Nilimwona machozi yanamtoka pembeni ya macho, hana nguvu hata ya kujibu. Mtu amelala hoi, na wewe unamwongezea mzigo wa kutafuta alimkosea nani. Hasira ile sijawahi kuimaliza.

Walipomaliza, unadhani waliondoka? Nyoo! Walitoka uani, wakakaa kivulini kwenye ukuta wa tembe, wakaanza kuongelea mvua. Nawe unajua kwetu Singida mgeni wa kanisa haondoki bila kuku. Na kuku alikuwa ananukia.

Nikaingia kwa mama. Akaninong'oneza kwa Kinyaturu, maneno yanakatika, "Wapakulie wageni. Tusije tukaaibika." Nikamwambia, mama, ni ya kwako ile. Akafumba macho akasema, "Wapakulie."

Nikawapakulia. Ningefanyaje? Nikatoa ugali, nikatoa sufuria nzima ya kuku, nikawanawisha mikono na tone la mwisho la maji. Firigisi nikamwekea Elifasi, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na yeye akaipokea bila hata kuniuliza ndani kumebaki nini.

Bibi Raheli akatokea wakati huohuo, ndoo ya maji kichwani, katoka kutuchotea mtoni na miguu yake ile iliyovimba. Wote wakasimama, "Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi." Hakuitikia hata mmoja. Kwa mtu mzima kuacha shikamoo hewani, ujue pana jambo. Akatua ndoo, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Mgonjwa amekula?"

Nikatikisa kichwa. Elifasi akajibu kwa upole, ule upole wa mimbarani, "Bibi, mgonjwa tumemkabidhi kwa Bwana."

"Mmemkabidhi kwa Bwana, na supu yake mkajikabidhi wenyewe!" Akainyakua sufuria mbele yao. "Huyu mama hajatia kitu tumboni tangu juzi. Kuku huyu nilisema mimi achinjwe, ili mgonjwa apate nguvu za kufika zahanati. Mmekuja kumwombea apone, na uponyaji wake mnautafuna hapa kivulini? Elifasi, hiyo firigisi irudishe."

Alikuwa ameshaitia mdomoni. Akaitoa, mwanangu. Mbele ya watu wote akaitoa, akabaki ameishika kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Bibi Raheli hakungoja. Akaingia ndani na sufuria, akafungua lile dirisha, akamwinua mama akamwegemeza kifuani mwake, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Mama akanywa. Kidogo, akapumzika, akanywa tena. Huku Bibi anafoka kupitia dirishani, "Elifasi! Chukua ndoo uende mtoni! Na nyie wengine, kuni hamna macho ya kuona zimeisha?" Wakaenda wote, na tai zao. Jioni mtungi ulijaa, na kesho yake Elifasi mwenyewe ndiye aliyeisukuma baiskeli mpaka zahanati, mama amefungwa kwa khanga nyuma asidondoke. Mama akapata dawa, akapona taratibu.

Na usidhani Elifasi aliiva siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kushuhudia jinsi maombi yake yalivyomwinua mama. Bibi Raheli akapaza sauti kutoka benchi la mbele, "Na supu?" Kanisa zima likaangua kicheko. Elifasi akatazama chini, akasema, "Na supu, Bibi." Kuanzia siku hiyo, akija nyumbani kwa mtu, alianzia jikoni.

Basi nisikilize, nakuambia waziwazi usije ukasema nilikufumbia. Wito wako ni kuwapenda watu. Kuhubiri, kuimba, kukemea mapepo, hayo yote ni vyombo tu vya kazi hiyo. Ukiingia kwa mgonjwa, tazama kwanza mtungi una maji, tazama shuka ni kavu, uliza amekula nini na nani anamwogesha. Ukiona kazi, vua koti uifanye, ndipo uombe. Usimwambie mtu aliyelala kitandani kwamba anaumwa kwa sababu ya dhambi zake. Wewe si Mungu, na hata Mungu hajakutuma hilo. Mitundu utawakuta Waislamu, utawakuta wasiosali kabisa. Mtungi wa kila mmoja wao unakuhusu. Na wakikuchinjia kuku, waulize kwanza ni wa nani. Siku utakayoona tabu kumfulia mgonjwa shuka, rudi nyumbani ukalime alizeti, kanisa halitakosa mtu wa kupiga kelele.

Nimemaliza, na hasira imenishuka kidogo. Njoo upige magoti hapa nikubariki. Mungu akutangulie, akulinde njiani. Akupe macho ya kuona kabla hujafungua mdomo. Akupe moyo unaouma mwenzako akiumia, na mikono isiyoona kinyaa. Popote utakapotoka, akujalie uache watu walioshiba.