Makofi ya Bibi Siku ya Mdahalo

Mwezi uliopita, rafiki yangu, niliitwa kuwa jaji wa mdahalo katika shule moja ya binafsi chini ya msitu wa Magamba. Watoto walibishana kwa Kiingereza: kalamu ni bora kuliko jembe, au sivyo? Binti mmoja alisema wakulima ni watu walioshindwa maisha. Wazazi, waliotoka kwenye kabichi na karoti zao, viatu vingali na matope, wakapiga makofi kwa nguvu. Wengi wao hawakuelewa hata neno. Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika alama.

Nilikuwa darasa la sita mada hiyohiyo ilipotufikia sisi, kwa Kiswahili. Nililelewa na bibi, mama wa mama, katika nyumba ambayo ukungu haukuiachia mpaka saa nne asubuhi. Tulikunywa chai ya rangi kwa viazi vya kuchemsha, halafu tukapandisha samadi shambani kwa tenga kabla sijaenda shule. Shamba lenyewe lilikuwa mteremko mkali. Ukiangusha kiazi, unakifuata kwa jirani. Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni tu, cha kusalimia na kutaja bei. Shuleni Kishambaa kilikuwa kosa la viboko, na mpaka leo sijaelezwa sababu ya maana.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyegawa pande. Mimi nikapewa kalamu.

"Usilete mambo ya hewani," aliniambia. "Toa mfano hai. Ndio unaoshinda."

Nikautoa. Siku ya wazazi, kijiji kizima kikiwa kimekaa kwenye nyasi, nilisema, "Mfano hai ni bibi yangu. Ameshika jembe maisha yake yote, amepata nini? Mgongo umepinda, na jina lake hawezi kuliandika. Jembe ndilo lililomwacha gizani." Nikamnyooshea kidole. Wengine waliguna, wengi walicheka. Bibi alipoona kidole changu na watu walivyochangamka, alisimama na kanga yake mpya akapiga makofi kuliko wote.

Tulishinda. Njiani, nikiwa nimekumbatia daftari za zawadi, aliniuliza kwa Kishambaa, "Ulisema nini juu yangu?"

Nilimwambia nimemsifu. Nilimwambia nimesema kwamba mikono yake ndiyo inayonisomesha. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikatamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo kila mgeni alisimuliwa habari ile, na mimi nikaitwa kutoka jikoni, macho yanawasha kwa moshi wa kuni, niirudie kwa Kishambaa. Niliirudia na kuiongezea chumvi. Jirani yetu, aliyekuwepo siku ile na Kiswahili akikijua vizuri, alitazama chini kila nilipoanza. Hakunisema kamwe, na afadhali angenisema.

Nami nasema wazi: kosa la elimu yetu si kutupatia kalamu. Ilitufundisha kumsema mzazi vibaya kwa lugha asiyoijua, kisha ikatupa zawadi. Jana ilikuwa Kiswahili, leo Kiingereza. Wakubwa wanaosimama majukwaani kumwita mkulima uti wa mgongo wa taifa, sijamsikia hata mmoja akimwombea mwanawe jembe. Wala mimi simo nje. Nimefundisha miaka mingi, na midahalo ya namna hiyo nimeisimamia mwenyewe. Shamba la bibi sasa ni magugu, matuta yamebomoka, na wanangu Kishambaa hawakijui. Inaniuma, na sina wa kumlaumu.

Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa tayari mwalimu. Nilipanda milimani kutoka Tanga nikiwa nimedhamiria kumwambia ukweli, nimeshapanga maneno ya Kishambaa njia nzima ndani ya basi. Kabla sijafungua kinywa, akaniomba niirudie hotuba ile. Ila safari hii hakutaka Kishambaa. Alitaka kuisikia kwa Kiswahili, kama nilivyoisema mbele za watu.

Nikamshika mkono nikaisema yote, mgongo, jina na giza, bila kubadili neno. Alisikiliza amefumba macho, anatabasamu. Nilipomaliza akaniomba nirudie.

Nikarudia.