Tochi ya Macho Matatu

Kila fundi wa simu, jirani yangu sokoni, anapoyeyusha bati la kuunganishia nyaya, harufu yake kali hunipanda puani, nami narudi Kabambare, jikoni kwa mama, nimechuchumaa mbele ya jiko la mbabula nikingoja msumari uwe mwekundu katikati ya makaa.

Baba alikuwa anachimba dhahabu Salamabila. Kila akija nyumbani alilalamika kwamba tochi yake ya kichwani inamaliza betri kabla hajatoka shimoni. Mchana mmoja alipolala, niliifungua. Ndani nilikuta vitaa saba vidogo, vyote vimeunganishwa kwenye nyaya zilezile mbili. Watoto saba, sahani moja ya bugali! Kwa ncha ya msumari nikayeyusha bati, nikang'oa vitaa vinne.

Baba alipoamka, akaiwasha, akaigeuzageuza.

"Nani ametoboa macho ya tochi yangu?"

"Ni miye, papa. Zilikuwa saba, zote zilikuwa nakunywa betri moja."

Mama alijishika mdomo. Baba hakunipiga, wala hakucheka. Alipanda pikipiki na tochi yake ya macho matatu, akarudi shimoni, na mimi wiki mbili nzima kila nikisikia pikipiki nilikimbilia mlangoni.

Aliporudi, alimwaga gunia mbele yangu. Zilikuwa tochi za kichwani, nyingi, bado zina udongo mwekundu.

"Betri zangu hazijaisha mpaka leo," akasema. "Wenzangu nao wanataka. Toboa na hizi."

Mama, bila kuambiwa, akaanza kupepea makaa.