Anwani Kwenye Debe la Mama

Kabla hujaniamini, muulize yeyote aliyewahi kuendesha mashua ya makaa ya mawe kwenye mfereji wa Harbrook. Atakwambia Thirza Bagnall ni mwongo. Mimi ndiye niliyesema samaki alimmezea marehemu baba kiatu, na mwaka uliofuata akakirudisha kikiwa kimepigwa rangi. Mimi ndiye niliyesema nyumbu wetu aliyetuvuta kutoka ukingoni alijua kuhesabu milango ya maji, ile inayopandisha na kushusha mashua, na kwamba ukifika wa thelathini anagoma mpaka aombwe radhi. Watu walicheka, wakanikaribisha chai. Shule sikwenda. Mashua hailali mahali pamoja siku mbili, na mwalimu gani atakimbia ukingoni akikufundisha herufi? Wenzangu walisoma, mimi nikatunga. Habari hii ya mama sikuitunga, na ndiyo pekee niliyotaka sana mtu aiamini, akakataa.

Mama aliitwa Keturah. Alikuwa mwembamba, mikono imekakamaa kama kamba iliyolowa ikakauka. Aliamka saa kumi na moja kamili, na saa hatukuwa nayo. Alikunja kila kitambaa pembe nne sawasawa, hata cha kufutia masizi. Kila mlo alikata ukoko wa mkate wake, akaufunga kwenye kona ya aproni, akashinda nao mpaka jioni, ndipo akawatupia bata. Na kila tulipofunga mashua penye watu, aliwatazama wanaume videvuni.

"Mama, unachagua ndevu au nini?" nikamtania siku moja. "Baba hana hata miaka miwili kaburini."

Hakucheka. "Namtafuta mtu mwenye kovu hapa," akajigusa kidevu. "Mdogo wangu, Enos. Tuliachana akiwa na miaka sita."

"Mliachana wapi?"

"Nyumbani. Nyumba yenye madirisha arobaini. Haya, lango linafunguka, shika usukani."

Madirisha arobaini! Jambo kama hilo mtu hampi mwanamke kama mimi akatarajia litulie. Tulipofika lango la tatu, mama alikuwa mjukuu wa bwana mkubwa, amemtoroka babu yake kwa kumpenda mwendesha mashua. Tulipofika la tisa alikuwa amemwachia babu huyo farasi kumi na wawili. Mama hakukanusha wala kukubali. Alisugua shaba za mlangoni tu, kwa nguvu zaidi.

Sasa, mama alikuwa na karatasi kwenye mkebe wa chai, karatasi ya kuzaliwa kwake. Hakujua kuisoma, kama mimi. Alijua ni yake, basi. Mwaka ule malkia mpya alipovishwa taji, niliichukua kimya kimya nikampelekea muuza duka wa Harbrook anisomee mahali mama alipozaliwa. Akasoma: "Namba kumi na nne, Barabara ya Hawthorn, Harbrook." Akanitazama, kikohozi kikamshika. Nikadhani ni mafua.

Unajua madebe yetu ya maji, yale yanayokaa juu ya paa la mashua karibu na bomba la moshi. Kila familia huyapaka maua ya waridi na picha ya ngome, na ukipita watu hutazama debe lako kabla ya kukutazama usoni. Nikamwambia mchoraji gatini atuchoree ngome kubwa kuliko za wengine, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, ile anwani.

"Una hakika, Thirza?" mchoraji akauliza.

"Wewe chora. Wivu utakuumiza tumbo."

Mama alilipenda lile debe. Alidhani maandishi ni jina la mashua. Alilifuta kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Kiangazi kizima tulipita nalo hivyo. Kwenye milango ya maji watu walisoma, wakatazamana, wakanyamaza. Mmoja alinisalimu kwa kuvua kofia mpaka magotini. Nikampungia mkono kama binti wa mfalme.

Kisha siku moja ya Agosti tukafunga gatini Harbrook kushusha makaa. Mama, kama kawaida yake katika mji ule, alijifungia ndani ya kijumba cha mashua akisema kichwa kinamuuma. Mshusha makaa alikuwa mzee mpya, Silas Tranter, mgongo umepinda kama ndoano. Akasimama mbele ya debe, koleo begani, akasoma kwa sauti.

"Nani kati yenu alikuwa ndani?" akauliza.

"Ndani ya nini, mzee?"

"Ndani ya Nyumba. Namba kumi na nne. Nami nilikulia humo miaka tisa, bibie, huna haja ya kunifichia."

"Mama yangu alizaliwa kwenye jumba la bwana mkubwa," nikasema. "Madirisha arobaini."

"Ni arobaini na mawili. Niliyaosha." Akateremsha koleo. "Binti, ile ilikuwa nyumba ya maskini, walikowekwa wasio na kitu, wakakatwa nywele na kutengwa na ndugu. Mtoto akizaliwa mle, karani hakuandika nyumba ya maskini, aliandika namba na barabara, mtoto asichekwe ukubwani. Barabara nzima ile haina nyumba nyingine. Hapa Harbrook kila mtu anaijua anwani hiyo. Uliandika wewe?"

Watu wa mfereji tulikuwa maskini, lakini tulikuwa na wa kuwacheka, nao ni watu wa Nyumba. Bibi mzaa baba alikuwa akisema hao hata majina yao yana chawa, na alisema hivyo mezani, mama akimkatia mkate.

Mlango wa kijumba ukafunguka. Mama alikuwa amesikia yote. Alilitazama debe kwanza, kisha mimi. Afadhali angenipiga.

"Enos Dace," akamwambia Silas. "Mvulana mwenye kovu kidevuni. Walimpeleka wapi? Wavulana hutolewa wakifika kumi na nne. Baharini? Migodini?"

"Enos? Yupo."

"Yupo wapi?"

"Mle mle. Siku hizi ni hospitali ya wazee, na yeye ndiye mfuaji. Walimpeleka kwa fundi viatu, akarudi kwa miguu siku ya tatu. Wakampeleka shambani, akarudi. Mwishowe wakamwacha. Anasema dada yake alimwambia asiondoke mpaka aje kumchukua Jumapili." Silas akaelekeza kidole kwenye makaa yetu. "Haya ndiyo yanayochemsha maji yake ya kufulia."

Miaka mingapi tulikuwa tumeleta makaa pale? Tangu sijazaliwa.

Tulitembea mpaka getini, mwendo wa robo saa. Pale mama akasimama. Nilimvuta mkono, akawa kama nguzo.

"Siwezi, Thirza. Nikipita hapo watanikata nywele." Mwanamke wa miaka arobaini na mitano. "Nenda wewe. Una mdomo."

Nikaenda. Nilimkuta katikati ya mvuke, kipara, mikono myekundu mpaka viwikoni, na lile kovu. Nikamweleza kila kitu, bila kupamba hata neno moja. Alinisikiliza huku akikamua shuka.

"Wewe si ndiye yule wa samaki na kiatu?" akasema.

"Ndiye, lakini hii, mjomba..."

"Usiniite mjomba. Habari za debe lenu zimezagaa mji mzima. Aliyekaa humu hawezi kuiandika nyumba hii juu ya maua na kuitembeza mchana. Dada yangu angejitupa majini kwanza. Umesikia jina langu mahali, umekuja kunichezea. Nenda katunge nyingine."

Nililia njia nzima mpaka getini. Mama aliona machozi, akajua nimekataliwa. Alifungua kona ya aproni, akatoa ukoko wa siku ile.

"Usimpe mkononi. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna ukuta uliotutenga, wasichana huku, wavulana kule. Chini, karibu na bomba, tofali moja halipo; hapo ndipo nilikuwa nikimpitishia ukoko wangu. Uweke hapo, mwambie atazame."

Tofali lile bado halikuwepo. Enos akachungulia. Akaufuta mkono wake kwa nguo, kidole kimoja kimoja, ndipo akauchukua ule ukoko. Akatoka nje, nami nyuma yake.

Walisimama, yeye ndani ya geti, mama nje, na geti lenyewe liko wazi.

"Ulisema Jumapili," akasema.

"Nilisema. Walinipeleka mbali kutumika, kwa mwanamke asiyetoa ruhusa. Kisha nikaolewa, nikaona haya kuja. Nikajiambia umeshaondoka."

"Mimi nilijiambia umekufa. Nikakusamehe kwa sababu umekufa." Akaugeuza ukoko mkononi. "Sasa sijui nifanye nini."

"Njoo, Enos. Kwenye mashua kuna nafasi."

"Nina mashuka kwenye maji," akasema, akarudi ndani.

Nilitaka kulikwangua lile debe siku hiyo hiyo kwa kisu. Mama akanishika mkono. "Liache. Yeye walimfundisha kusoma. Atajua ni sisi."

Wiki iliyofuata Enos alikuwa juu ya daraja la Harbrook, mikono mfukoni. Mama aliweka ukoko kwenye jiwe la daraja, tukapita. Hakuwahi kupanda mashua yetu, wala kumwita dada. Wiki nyingine alikuwepo, nyingine hakuwepo, na ukoko ukaliwa na njiwa. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na minane.

Mwisho macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja alikuwa akiweka sawa aproni yake na kuniuliza, "Yupo?"

Na siku ambazo daraja lilikuwa tupu, nilimjibu, "Yupo, mama. Ameinua mkono."