Ndoo Mbili za Samadi hadi Katoro

Niliondoka Samuye kwa sababu binti yangu Kabula aliniomba mavi ya ng'ombe. Anaishi Katoro, mkoani Geita, anapika na kuuza chakula sokoni, na wenzake humwita Mama Limi. Nyuma ya kibanda chake alikuwa ameweka mtambo wa bayogesi: tangi lililofukiwa nusu, bomba na jiko. Uongozi wa soko ulimpa eneo lote hilo, la kibanda na la mtambo, kando ya jalala kwa sharti moja: siku watakayokuja kukagua, waone moto unawaka. Wasipouona, eneo linakwenda kwa muuza mkaa aliyelitamani tangu mwanzo.

"Maganda ya ndizi na mihogo yapo tele, Baba," aliniambia kwa simu. "Lakini mtambo hauanzi bila samadi mbichi. Ya machinjioni wanaimwagia dawa kila jioni. Niletee ya zizi letu."

Niliposikia "zizi letu" nilifurahi. Lile la dawa likanipita.

Samuye, alfajiri. Nilijaza ndoo mbili zenye vifuniko. Kwetu mzee huonyesha ng'ombe, haonyeshi mavi yao. Kuzoa ni kazi ya vijana na wanawake. Kwa hiyo kondakta aliponiuliza nimebeba nini, nilimjibu ni maziwa ya mgando.

Tulipofika Tinde jua lilikuwa limepanda, na kifuniko kimoja kikafyatuka.

"Mzee," kondakta akaita, "maziwa yako yamechacha, au umetupandishia na ng'ombe mwenyewe?"

"Mwacheni babu wa watu," mama mmoja alidakia nyuma yangu. "Anakwenda kuoa Geita. Ng'ombe wa mahari wanafuata, katanguliza mavi!"

Gari zima likacheka. Niliteremsha kofia hadi kwenye nyusi, na sikuinua uso hadi Kahama.

Nyahanga, pale Kahama, nilikuwa na muda kabla ya gari la pili. Nikaingia dukani, nikanunua chupa ya dawa ya kusafishia choo. Nikaigawa kwenye ndoo zote mbili, nikakoroga kwa kijiti. Harufu ya zizi ikafa, ikabaki ya hospitali. Nilisafiri kichwa juu, nikijiona mjanja.

Katoro nilifika jioni, bodaboda zikipishana na watu wanaotoka machimboni. Kabula alipiga goti katikati ya wateja wake, akaniamkia Kisukuma. "Mwadila, Baba. Pumzika kwanza, nikimaliza kuwapakulia hawa nitaimimina."

Sikupumzika. Nilitaka aone kwamba baba yake si mtu wa kukaa tu na kuamkiwa. Nilizibeba ndoo mwenyewe nyuma ya kibanda, nikamimina zote, nikasuuza kwa maji. Alipokuja alikuta kazi imekwisha. Alifurahi sana, na furaha ile naikumbuka kuliko yote yaliyofuata.

Siku zilizofuata alilisha tangi maganda kidogo kidogo, huku akinifundisha. "Haya yakirundikana jalalani yanaoza, yanatoa hewa inayoongeza joto duniani. Hewa hiyo hiyo tukiinasa inapika maharage, na miti ya mkaa inapona." Nilikumbuka miaka ya ukame Samuye, tulivyokuwa tukiwainua ng'ombe waliokonda asubuhi kwa kuwavuta mikia, na nikaona kazi ya mwanangu ni kubwa kuliko kibanda chake. Kila asubuhi alifungua koki. Kimya.

"Vumilia, Mama Limi," nilimwambia. Mimi!

Siku ya ukaguzi alikuja mwenyekiti wa soko na wenzake wawili. Kabula aliwasha kiberiti. Njiti ikaisha. Akawasha ya pili, akaishikilia mpaka ikamuunguza kidole.

"Dada, tulikuwa upande wako," mwenyekiti alisema taratibu. "Lakini tulikubaliana."

Magunia ya mkaa yalianza kushushwa kabla sufuria zake hazijaondolewa.

Kabula alikaa juu ya ndoo moja tupu. "Baba, wale ng'ombe walikuwa kwenye matibabu? Walipewa dawa?"

"Hawakupewa," nilijibu. Neno lile la dawa likanirudia mdomoni. "Dawa niliitia mimi. Nyahanga. Ya choo."

"Ya choo? Kwa nini?"

"Watu walinicheka kwenye gari."

"Kuna vidudu kwenye samadi, Baba. Ndivyo vinavyotengeneza gesi. Uliviua Kahama, ukaja kuvizika kwangu."

Niliinuka, nikamsaidia kukusanya sufuria.

Safari ya kurudi ilianza asubuhi. Jalala lilikuwa likifuka moshi, na mahali pa kibanda pamepangwa magunia. Kabula alinisindikiza hadi kwenye gari, akanipa ndoo zangu, zimeoshwa. Alisema atauhamishia mtambo uani kwake, ingawa sasa atalazimika kusukuma toroli la maganda kutoka sokoni kila siku, na kupanda nalo mlima hadi kwake.

"Lete tena," alisema. "Ila safari hii, Baba, acha yanuke."

Sasa niko Samuye. Nilichojifunza ni kidogo, na kimemgharimu mwingine: nilionea aibu kitu chenye uhai, nikajivunia kukiua. Eneo lile halitarudi. Leo nimeshika koleo mwenyewe, ndoo zimejaa. Kesho kondakta akiniuliza nimebeba nini, nitamjibu gari zima lisikie: mavi ya ng'ombe.